Nafasi Iliyoachwa Wazi

Januari, At-Bashi. Wino umeganda kalamuni,
nauatamia kwapani kama yai,
na jiko la makaa pembeni mwa darasa
linakohoa kuliko wanafunzi.

Nimeandika ubaoni: *Mbwamwitu anaashiria nini?*
Mwaka wa ishirini na tisa huu, swali lilelile,
chaki ileile, au binamu yake,
na majibu nayajua kama vidato vya ngazi ya kwangu:
njaa. Baridi. Adui avukaye mpaka.
Mama wa kale aliyemnyonyesha
mtoto wa mwisho wa kabila.
Kurmanali, akaaye mbele, huongeza "upweke",
maana dada yake yuko chuoni Bishkek.

Kanishai akasimama bila kunyosha mkono.
Koti lake lilinuka moshi wa samadi.
"Mbwamwitu ni mbwamwitu, mwalimu.
Jumatatu usiku kaua kondoo kumi na mmoja,
kala mmoja tu, tena nusu.
Kama ni ishara,
mbona mama bado anakwangua damu mlangoni mwa zizi?"

Darasa likanyamaza. Hata jiko.
Jibu nilikuwa nalo. Sisi walimu hatukosi jibu,
tunatembea nalo mfukoni, pamoja na leso.
Nikasema: tutaendelea kesho.

Jumamosi nikapanda kwao na farasi wa kuazima,
sukari kilo mbili mbele ya tandiko,
maana mkono mtupu haulambwi,
wala hauingii nyumba iliyofiwa,
hata kama waliokufa ni kondoo.

Jumadil, baba mtu, akanionyesha pengo ukutani,
upana wa sinia, si zaidi.
Ngozi kumi na moja uani
zimekakamaa kama mbao za jeneza.
"Aliingilia hapa," akasema. "Yeye."
"Nani?" nikauliza, kwa ujinga wa msomi.
Akatazama mlimani.
"Mwenye Mkia. Kinywa Kirefu. Yule."
Mkewe akanivuta mkono wa koti:
hapa halitajwi, mwalimu.
Likitajwa, huitika.

"Shuleni linatajika," akasema Kanishai,
akimimina chai bila kuniangalia.
"Shuleni hamna kondoo."

Juu ya susu ya mtoto mchanga
ulining'inia mfupa mdogo wa kifundo,
umegeuka njano kwa mate ya watoto wanne.
Sikuuliza ni wa mnyama gani.
Mtoto alikuwa anaota meno, akaudaka,
akautafuna kwa raha zake:
kinywa kifupi kikikitafuna kinywa kirefu.

Nikateremka gizani, mimi na shahada yangu.
Kwenye kona ya daraja nikataka kulisema lile neno,
kwa sauti, mara moja tu,
nione kama ni neno kama maneno mengine,
kama kikombe, kama Alhamisi.
Farasi akasimamisha masikio.
Nikalimeza.

Machi ukaja mtihani.
Swali la saba, alama kumi.
Kanishai alijibu yote, hilo akaliruka:
mistari minne mitupu, myeupe kama bonde,
na pembeni alama ya kidole chenye masizi.
Mwongozo wa kusahihishia unasema
*hofu*, au *njaa*, au *asili ya taifa*.
Jibu tupu, sufuri.

Nilikaa na ile karatasi
hadi makaa yakawa majivu.
Niliitazama nafasi. Nayo ikanitazama.
Wenzake walikuwa wameandika sana,
hati nzuri, maneno yangu mwenyewe yakinirudia
yamechanwa nywele, yamevishwa viatu,
na hakuna hata moja lililonifanya
ninyanyuke nikakague komeo la mlango.

Nikampa kumi.

Mkaguzi alitoka Narin na miwani yake miwili,
akapekua, akarudi nyuma, akagonga kwa kucha.
"Hapa mtoto ameandika nini?"

Nikatazama dirishani, upande wa mlima.
"Yeye," nikasema.